UVIMBE WA UBONGO NA WA UTI WA MGONGO: TUULIZE AINA, TUULIZE DARAJA



Baadhi yenu mnapafahamu hapa Jabe. Mgonjwa akipewa transferi ya kuja kupimwa Bujumbura hutafuta ndugu wa kumlaza, na wengi wana ndugu Jabe, Bwiza au Buyenzi, ambako Kiswahili kinasemwa barabarani na mtu wa Uvira au Fizi hajioni mgeni. Sisi wajitolea wa afya tunawasindikiza wagonjwa hao hospitalini, tunawasomea karatasi za Kifaransa na kuwakumbusha siku ya kurudi kwa daktari. Katika kazi hiyo nimeona jambo ambalo nataka kulisema waziwazi, hata kama wengine halitawapendeza.

Mtu akishaambiwa kwamba ana uvimbe katika ubongo, familia inafunga hesabu. Kuna wanaompeleka kwenye chumba cha maombi na kumwachisha dawa. Kuna wanaoanza kutafuta nani aliyemtilia karuho. Wengine wanakaa kimya tu na kuhesabu gharama ya matanga. Ni wachache sana wanaouliza: ni uvimbe gani? Wa daraja gani? Umekaa wapi? Kwa maoni yangu, mgonjwa ambaye hajapata majibu ya maswali hayo matatu hajamaliza kupimwa, hata kama amepita kwenye skaneri mara mbili.

Tuanze na karatasi yenyewe. Daktari wa skaneri mara nyingi anaandika "processus expansif intracrânien". Maneno hayo yanatisha, lakini maana yake ni fupi: kuna kitu kinachochukua nafasi ndani ya fuvu. Fuvu la mtu mzima ni kama chungu chenye mfuniko usiofunguka. Chochote kitakachoongezeka humo kitaubana ubongo, ndiyo sababu mtu anaumwa kichwa na kutapika. Karatasi hiyo haijasema saratani. Kitu hicho kinaweza kuwa damu iliyoganda, jipu la usaha au donge la kifua kikuu. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, kinaweza kuwa maambukizi ya toksoplasma. Kinaweza pia kuwa vifuko vya mnyoo wa nguruwe.

Huyo mnyoo wa nguruwe tusimpite haraka, maana ni jirani yetu. Utafiti uliofanyika Kiremba, upande wa Ngozi, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba ni chanzo kikubwa cha kifafa huko. Watu wanadhani ni ugonjwa wa wala nguruwe peke yao. Sivyo. Anayekula nyama yenye mnyoo isiyoiva anapata mnyoo tumboni, lakini vifuko vya ubongo vinatokana na mayai yanayotoka katika choo cha mtu mwenye mnyoo huo, yakaingia mdomoni kwa mikono au mboga zisizooshwa. Kwa hiyo hata Mwislamu wa Buyenzi ambaye hajaonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuupata. Magonjwa haya yote niliyoyataja yana tiba yake, na mtu aliyekata tamaa mapema anaweza kufa kwa ugonjwa ambao ungetibika kwa vidonge.

Sasa tuje kwenye uvimbe wenyewe. Unaitwa kwa jina la seli ulizotokea. Ubongo una utando unaoufunika, na uvimbe unaoota kwenye utando huo unaitwa meninjioma. Kwa watu wazima huu ndio unaoonekana zaidi kati ya ule unaoanzia ndani ya kichwa, na wanawake wanaupata kuliko wanaume. Ndani ya ubongo kuna seli zinazoshikilia na kulisha mishipa ya fahamu. Uvimbe wa seli hizo unaitwa glioma, na huo una ndugu wengi: astrositoma, oligodendroglioma, ependimoma, na yule mkali wao, glioblastoma. Ala ya mishipa ya fahamu nayo inaota uvimbe uitwao shwanoma, ambao mara nyingine unakaa kwenye mshipa wa sikio na mtu anaanza kuwa kiziwi wa upande mmoja. Halafu kuna tezi ndogo ya pituitari, chini ya ubongo, nyuma ya pua. Ikiota uvimbe, mwanamke anaweza kukosa damu ya mwezi na kutoa maziwa bila kuwa na mtoto, au mtu akaanza kugonga milango kwa sababu haoni tena pembeni. Mwanamke wa namna hiyo akisemwa kwenye foleni ya maji kwamba amelogwa, nawaomba mkumbuke tezi hii.

Uti wa mgongo hauna tofauti kubwa. Huko nako kuna meninjioma, shwanoma na ependimoma. Madaktari wanauliza kwanza uvimbe umeota ndani ya uti wenyewe, au nje ya uti lakini ndani ya utando, au nje ya utando kabisa, kwa sababu upasuaji wake unatofautiana sana. Nilimsindikiza mama mmoja ambaye miguu ilimlegea polepole kwa miaka miwili. Majirani walikuwa wameshamjua aliyemroga. Skaneri haikutosha, akafanyiwa IRM, ikaonekana meninjioma inayoubana uti kutoka nje. Alipasuliwa, nyama ikapimwa, jibu likaja: daraja la 1. Leo anatembea kwa fimbo na anapika mwenyewe. Miaka yake miwili ya kubebwa mgongoni ilikuwa bure.

Lakini mgongo unaweza kuharibika kwa sababu nyingine pia. Kifua kikuu kinaingia kwenye mifupa ya mgongo, kinatoa kibyongo na kulegeza miguu, na dawa zake hutolewa bure. Mtoto mwenye uvimbe wa taya au wa tumbo ambaye ghafla hawezi kusimama anaweza kuwa na limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao daktari Denis Burkitt wa Kampala aliueleza mwaka 1958. Unakua kwa siku, siyo kwa miezi, lakini kwa dawa unayeyuka haraka kuliko saratani nyingi. Mtoto huyo asisubiri Jumatatu.

Na mwanamke mwenye donge la titi ambaye anaanza kuumwa kichwa, uvimbe wake wa ubongo huenda umetoka kwenye titi. Huo hauhesabiwi kwa madaraja ninayotaka kuyaeleza hapa chini. Unafuata ugonjwa wa titi.

Daraja ni nini? Kwa saratani ya titi au ya mlango wa kizazi mmezoea kusikia "hatua", yaani ugonjwa umeenea hadi wapi. Uvimbe unaoanzia kwenye ubongo hautoki sana kwenda sehemu nyingine za mwili, hivyo hatua haina msaada mkubwa. Kinachotazamwa ni tabia ya seli chini ya darubini: zinafanana kiasi gani na seli za kawaida, zinagawanyika kwa kasi gani, kuna mishipa mipya ya damu, kuna sehemu zilizokufa? Daktari James Kernohan wa Marekani na wenzake walipanga glioma kwa madaraja manne mwaka 1949. Shirika la Afya Duniani likatoa mpango wake mwaka 1979 na limeurekebisha mara kadhaa, toleo la tano likiwa la mwaka 2021. Karatasi za zamani zinaandika I, II, III, IV. Toleo la 2021 linaandika 1, 2, 3, 4. Ni kitu kilekile, msibabaike.

Daraja la 1 hukua polepole, na likitolewa lote mara nyingi habari inaishia hapo. La 2 nalo ni la polepole, ila linaweza kurudi, na katika glioma linapenyeza nyuzi zake ndani ya ubongo mzima hivi kwamba daktari hawezi kulimaliza kwa kisu. La 3 lina seli zinazogawanyika kwa kasi, na katika glioma upasuaji peke yake hautoshi, lazima mionzi na dawa. La 4 ndilo lenye kasi kuliko yote. Aina nyingine zina daraja zaidi ya moja: meninjioma nyingi ni daraja la 1, lakini ziko za 2 na chache za 3. Kwa hiyo jina bila daraja ni nusu ya jibu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani wakishajua daraja wamejua yote, na kati yao wako wenye elimu kubwa kuliko yangu. Chukueni watoto wawili wa miaka saba. Wote wawili wanatembea kama walevi, wanatapika asubuhi, wanainamisha kichwa upande mmoja. Skaneri inaonyesha uvimbe sehemu ileile, nyuma ya kichwa chini, kwenye ubongo unaoongoza mwendo. Mmoja ana astrositoma ya pilositi, daraja la 1. Ikitolewa yote, watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wanaishi miaka kumi na kuendelea. Mwenzake ana meduloblastoma, na meduloblastoma zote ni daraja la 4. Mtu akisoma hiyo 4 atasema huyu tayari. Lakini katika nchi tajiri, kwa upasuaji, mionzi na dawa, watoto wapatao 7 kati ya 10 wenye meduloblastoma wako hai baada ya miaka mitano. Glioblastoma ya mtu mzima nayo ni daraja la 4, na hiyo ni hadithi nyingine: katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, nusu ya wagonjwa waliopewa mionzi pamoja na dawa ya temozolomaidi walifariki kabla ya kufika miezi 15. Namba ni moja, mategemeo ni mbali kabisa. Na kinyume chake, uvimbe wa daraja la 1 ulioota kwenye shina la ubongo, pale panapoongoza pumzi, unaweza kuua kwa sababu hakuna kisu kinachofika.

Kwa nini nashikilia jambo hili katika gazeti letu la kambi? Kwa sababu kwa mkimbizi daraja linapita mikononi mwa kamati. Mnajua kwamba matibabu ya gharama kubwa hayaamuliwi na daktari peke yake. HCR ilitoa mwongozo wake wa transferi mwaka 2009, na vitu viwili vikubwa vinavyotazamwa ni gharama na matarajio ya kupona. Kule Yordani, kati ya maombi 511 ya wakimbizi wenye saratani yaliyofika mbele ya kamati kati ya 2010 na 2012, yaliyokubaliwa yalikuwa 246. Sababu kubwa ya kukataa ilikuwa matarajio mabaya. Sisemi kamati zina roho mbaya. Fedha zina mwisho, na mtu aliyekaa na mafaili mengi mbele yake lazima achague. Lakini faili lililoandikwa "uvimbe wa ubongo" tu, bila aina wala daraja, linaingia kwenye uchaguzi huo likiwa uchi. Msomaji wake anawaza glioblastoma, kumbe ni meninjioma.

Nimeona kichupa chenye kipande cha nyama ya ubongo wa kijana kikikaa dirishani, katika nyumba moja hapa Jabe, kwa wiki tatu. Upasuaji ulikuwa umelipiwa. Kupima nyama katika maabara ya anapati, ile inayotazama nyama kwa darubini, hakukulipiwa, na ndugu zake waliambiwa wajitegemee. Hawakuwa nacho. Yaani mtu alifunguliwa kichwa, kazi ngumu kuliko zote ikafanyika vizuri, halafu jibu likakwama kwa ada ya maabara. Maoni yangu ni kwamba mashirika yakikubali upasuaji wa uvimbe yakubali papo hapo na kupima nyama, kwa hati moja. Najua nitajibiwa kwamba malaria na kuhara ndivyo vinavyoua watoto wengi kambini. Ni kweli, na sitaki kinga ipunguzwe hata senti. Lakini mgonjwa anayerudishwa mjini mara tatu kwa gari na skaneri bila jibu, naye anakula fedha hizohizo.

Na mategemeo yenyewe yanabadilika na mahali. Mionzi haipatikani kila mji. Kampala ilikuwa na mashine moja tu, nayo iliharibika mwaka 2016. Wagonjwa wa Uganda walibaki wakitafutiwa njia ya kwenda nchi nyingine, na mashine mpya ilizinduliwa mwaka 2018. Kigali ilianza kutibu kwa mionzi mwaka 2019, katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe. Dar es Salaam kuna Ocean Road kwa mionzi, na taasisi ya MOI pale Muhimbili kwa upasuaji wa ubongo. Mtoto wa meduloblastoma anahitaji vyote viwili, kisha dawa. Kwa hiyo kamati inapoandika "matarajio mabaya", ningependa iandike pia mabaya kwa sababu gani: kwa sababu ya seli, au kwa sababu ya barabara, mpaka na foleni. La kwanza ni la Mungu. La pili linaweza kushughulikiwa, hata kama siyo leo.

Kwa upande wetu nasi tuna ya kurekebisha. Kambini kuna usemi kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika na kusambaa. Nadhani usemi huu umetokana na wagonjwa waliopasuliwa wakiwa wamechelewa mno. Bila kipande cha nyama hakuna darubini, na bila darubini daraja ni la kubahatisha. Upasuaji wa kichwa una hatari zake za kweli, za kutokwa damu, maambukizi au kupooza, na mna haki ya kumwuliza daktari aeleze kabla ya kusaini. Ulizeni kwa Kiswahili. Tupo wa kutafsiri.

Tena, msingoje mpaka mtu aanguke. Maumivu ya kichwa yanayoamsha mtu alfajiri na kuzidi wiki hadi wiki, kutapika asubuhi bila homa wala tumbo kuuma, kifafa kinachoanza ukubwani, mkono au mguu wa upande mmoja kudhoofu, macho kupunguza, tabia kubadilika ghafla: pelekeni kituo cha afya na semeni dalili hizo kwa mpangilio. Kichwa cha mtoto mchanga kikikua haraka kuliko mwili, kipimwe kwa utepe. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku wakati wa kulala, pamoja na miguu kulegea au mkojo kukataa kutoka, ni dharura ya siku hiyohiyo. Uti ukibanwa muda mrefu hauamki tena, hata uvimbe uwe wa daraja la 1. Na ukweli mwingine msiusahau: maumivu mengi ya kichwa siyo uvimbe. Ni malaria, presha, macho, uchovu na mawazo ya vita.

Kwa yule ambaye jibu lake limekuja baya kweli, glioblastoma au mwingine asiyeweza kupona, hapo pia kuna kazi. Deksamethazoni inapunguza maji yanayozunguka uvimbe, na mtu anaweza kupata wiki au miezi ya kuzungumza na watoto wake. Kuna dawa za kuzuia kifafa na za maumivu. Hizo zinapaswa kupatikana kambini, karibu na familia, badala ya kumwacha afie Bujumbura kwenye godoro la wageni. Hayo nayo ni matibabu, na yana haki ya bajeti yake.

Mkija mjini, leteni karatasi zote, hata zile mnazodhani zimepitwa na wakati, na dawa zote katika makopo yake. Anayetumia deksamethazoni asiikatishe ghafla kwa sababu ya safari. Mwili wake umeizoea na anaweza kuzimia njiani. Aje na ndugu aliyeona kifafa cha kwanza, maana mgonjwa mwenyewe hakumbuki, na daktari atauliza kilianzia mkono gani. Filamu za skaneri msizikunje wala kuzifungia sabuni au mihogo. Daktari wa pili atataka kuzilinganisha na mpya aone uvimbe umekua kiasi gani.